Rangi Imetajwa, Ardhi Imesahaulika

Msimu wa pamba Chato, mkulima hajazi kila alichovuna kwenye gunia moja. Anaketi akaibagua: iliyo nyeupe, kavu, isiyo na majani ni safi, iliyoharibiwa na wadudu au mvua ni fifi, na bei yake iko chini. Kitenzi kubagua hapo hakina dhambi yoyote. Doa lilikuja tulipokiundia istilahi "ubaguzi wa rangi", tukaibebesha dola nzima ya Afrika Kusini.

Istilahi hiyo inaeleweka hadi kijiweni, na hilo si jambo dogo. Kasoro yake ni kwamba inataja alama na kuacha sababu. Ukiisikia utadhani watu fulani waliamka na chuki ya ngozi, wakaketi kuandika sheria. Chuki ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Dhahabu ya Witwatersrand, iliyogunduliwa 1886, ilikuwa chini sana na kila tani ya mwamba ilitoa kidogo. Bei ya dhahabu mwenye mgodi hakuipanga yeye, hivyo alichoweza kukibana ni ujira. Sasa, nani mwenye shamba na ng'ombe wake atazama shimoni kwa senti chache? Zikaja kodi, zikaja pasi, na sheria ya ardhi ya 1913 ikawaachia Waafrika kama asilimia 7 tu ya nchi. Wachimbaji Wazungu nao walihofia vibarua wa bei rahisi, wakatengewa kazi za ufundi kisheria. Chama cha National kiliposhinda 1948 na kuuita mpango wake apartheid, yaani utengano, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshafanyika.

Ndiyo maana nayapenda zaidi maneno yaliyozaliwa kazini. Kipande ni ile kadi ya kibarua iliyowekwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie 30. Manamba ni mtu aliyeitwa kwa namba kwenye mashamba ya mkonge. Kodi ya kichwa haihitaji ufafanuzi.

Geita nako kulikuwa na dhahabu, na mgodi wake ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mbona dola ya namna ile haikusimama hapa? Si kwa huruma ya Mwingereza. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, walowezi walikuwa wachache, na ardhi kubwa ilibaki mikononi mwa wakulima. Badala yake ukaletwa mpango wa mataifa matatu. Kuanzia 1955, viti 30 vya wajumbe wasio maofisa katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kumi kumi: Waafrika, karibu milioni 9, walipata kumi, Waasia kumi, na Wazungu, kama 20,000, nao kumi. Kwa Kiswahili cha leo tungesema mseto, lakini mseto wa mchele na choroko haupikwi kwa vipimo vya aina hiyo.

Mwaka 1958 mpango huo ulishushwa wilayani Geita kwa baraza la mchanganyiko. Wananchi walikataa, umati ukafunga safari hadi Mwanza, ukakabiliwa na polisi, na mwishowe serikali ikarudi nyuma. Wala mtaji wa Kusini haukukaa mbali nasi: mwaka huohuo De Beers, kampuni iliyokulia katika migodi ya Afrika Kusini, ilinunua nusu ya mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Nusu nyingine ikachukuliwa na serikali ya kikoloni.

Kuuita mpango wa Geita ubaguzi wa rangi ni kweli, ila haitoshi, kwa kuwa waliouleta walisema ndiyo dawa ya ubaguzi. Ningependekeza "ugawaji viti kwa asili". Ni istilahi nzito mdomoni, haiwezi kuimbwa kwenye mkutano wa hadhara, lakini mtu akiisoma atauliza viti vingapi, na vya nani.