Wimbi: Maji yakipatikana, nafasi na mbolea hubadilika

WAKULIMA wengi nchini humwaga mbegu za wimbi kwa mkono na kungoja mvua. Desturi hiyo haifai katika shamba linalonyunyiziwa maji. Miche ikisongamana, mbolea hugeuka hasara: mabua hurefuka kwa kugombea mwanga, huwa membamba, kisha huanguka masuke yangali mabichi.

Mfano mwema u katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ambako nafaka hii yenye asili ya Afrika Mashariki huitwa ragi. Huko mbegu hupandwa kwanza kitaluni, na miche huhamishiwa shambani baada ya wiki tatu hivi. Mistari huachana kwa sentimita 22.5 na mashimo kwa sentimita 10, yaani mashimo 44 hivi katika mita moja ya mraba.

Mbolea inayopendekezwa huko kwa wimbi la kunyunyiziwa ni kilo 100 za naitrojeni, 50 za fosfeti na 50 za potashi kwa hektari. Naitrojeni hiyo ni kama maradufu ya ile ya shamba la mvua. Hizi ni kilo za virutubishi, si za gunia: gunia la DAP la kilo 50 lina kilo 9 tu za naitrojeni na 23 za fosfeti. Kuchanganya hesabu hizo mbili ni kosa la kawaida, na ni ghali. Fosfeti na potashi hutiwa zote wakati wa kupanda, pamoja na nusu ya naitrojeni. Nusu iliyosalia husubiri siku 30 hivi, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu. Ikitiwa yote kwa mkupuo, sehemu yake huzama na maji hadi chini ya mizizi.

Wapo wasiovifuata vipimo hivyo. Katika wilaya ya Haveri, jimboni humo, kuna mtindo wa jadi uitwao guli: nafasi ya sentimita 45 kila upande, konzi ya samadi iliyooza na miche miwili kwa shimo. Hayo ni mashimo 5 tu katika mita ya mraba! Lakini miche ikiwa bado michanga, ng'ombe huburuta ubao juu yake. Hupinda bila kuvunjika, kisha hutoa machipukizi mengi yenye masuke.

Nafasi pana hukaribisha magugu pia. Hata hivyo, gugu linalofanana na wimbi, ambalo likiwa changa ni vigumu kulitambua, hujifichua lenyewe linapoota nje ya mstari.