Ulezi, Matumizi na Talaka Pwani ya Kismayo: Kadhi Alipokuwepo na Alipokosekana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika majumba yetu kuna masuala matatu yanayoulizwa kila siku. Mume akimwacha mkewe, mtoto anakaa na nani? Nani anayemlisha na kumvisha? Na mwanamke aliyetelekezwa bila ya talaka wala matumizi, afanye nini? Majibu yamo katika vitabu vya fiqhi tangu zamani. Lakini kulijua jibu ni jambo moja, na kumpata wa kulitekeleza ni jambo jengine. Historia ya ndugu zetu Wabajuni wa Kismayo na visiwa vyake inatufundisha hilo.

HUKUMU WALIZOZIRITHI

Wabajuni wa Koyama, Chovai, Chula na Kismayo ni watu wa bahari: wavuvi, manahodha na mafundi wa vyombo. Kama walivyo Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili, wao ni wafuasi wa Imam Shafi. Makadhi wa pwani hii walitegemea sana Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kwa watu ambao mume huweza kuwa safarini miezi kadhaa, suala la nani anawalisha waliobaki nyumbani halikuwa la vitabuni tu. Kwa ufupi, hukumu zenyewe ni hizi:

1. Ulezi (hadhana). Mama ana haki zaidi ya kumlea mtoto mdogo mpaka aweze kupambanua mambo, kiasi cha miaka 7. Baada ya hapo mtoto hupewa hiari ya kuchagua baina ya baba na mama. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, haki hiyo humtoka, na bibi mzaa mama hutangulizwa.

2. Matumizi ya mtoto. Haya ni juu ya baba, mtoto akae kwake au kwa mama. Katika Suratul Baqara aya ya 233 na Suratut Talaq aya ya 6 na 7, Allah (S.W.) amemuwajibisha baba, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Hata ujira wa kunyonyesha mama aliyeachwa anaweza kuudai.

3. Mwanamke aliye katika eda. Aliyeachwa talaka rejea ana makazi na matumizi mpaka eda iishe. Aliyeachwa talaka isiyo na rejea ana makazi, na akiwa na mimba ana matumizi pia.

JAMBO AMBALO WENGI HAWALIJUI

Matumizi ya mke yasipolipwa huwa ni deni juu ya mume. Hata ikipita miaka, mke anadai. Matumizi ya mtoto si hivyo. Katika madhehebu ya Shafi, siku zilizopita bila ya baba kutoa haziwi deni, ila ikiwa kadhi alikwisha kumkatia baba kiwango, au alimpa mama idhini ya kukopa kwa jina la baba. Baba aliyekwepa miaka mitano hupata dhambi kwa Mola wake, lakini mama aliyehangaika peke yake miaka mitano huenda asipate cha kudai.

Kweli, Mtume (S.A.W.) alimruhusu Bi Hind bint Utba achukue katika mali ya mumewe, Abu Sufyan, kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Lakini huyo mali ilikuwa karibu na mkono wake. Je, yule ambaye mume ameondoka na chombo na hakuacha kitu? Huyu hana budi na kadhi. Na akitaka ndoa ivunjwe kwa kukosa matumizi, hilo nalo linataka hukumu. Kutoonekana kwa mume peke yake si talaka.

Basi ndugu msomaji, kadhi akikosekana, anayepoteza kwanza ni mtoto.

DOLA ZILIZOPITA

Mkataba wa mwaka 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani uliutambua mji wa Kismayo kuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar. Kutoka 1895 Kismayo ikawa chini ya Waingereza pamoja na pwani ya Kenya. Kisha mwaka 1925 Waingereza wakaikabidhi nchi ya Jubba kwa Waitaliani, na mpaka ukapita katikati ya Wabajuni. Walioko Kiunga na Faza wakabaki Kenya, walioko Chula na Kismayo wakawa upande wa pili. Lugha ni moja, madhehebu ni moja, jamaa ni wale wale.

Wakoloni wa pande zote mbili waliwaachia makadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Tofauti kubwa ilikuja baada ya uhuru. Upande wa Kenya, katika makubaliano ya Oktoba 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta alimuahidi Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezithibitisha katika kifungu cha 170.

SHERIA YA 1975 NA KUVUNJIKA KWA DOLA

Upande wa Somalia, serikali ya Siad Barre ilitangaza Sheria ya Familia mwezi Januari 1975. Talaka ikawa haitimii ila kwa mahakama, baada ya kujaribu suluhu. Kuoa mke wa pili kukataka ruhusa ya mahakama. Mama akapewa ulezi wa mtoto wa kiume mpaka miaka 10 na wa kike mpaka miaka 15. Lakini sheria hiyo hiyo ilisawazisha mirathi ya mwanamume na mwanamke, kinyume na Qur'ani. Masheikh walipoipinga misikitini Mogadishu, kumi kati yao wakauawa kwa kupigwa risasi mwezi huo huo. Inna Lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ilipoanguka serikali mwaka 1991, mahakama zilizotakiwa kuisimamia sheria hiyo zikavunjika. Vita viliwapiga Wabajuni vibaya. Wengi walikimbia na majahazi mpaka Mombasa, wakawekwa katika kambi ya Jomvu. Mume huku, mke kule, na mashahidi wa ndoa wametawanyika. Waliobaki walitegemea masheikh na wazee.

Fiqhi inaruhusu tahkimu, yaani pande mbili kumridhia mtu mwenye elimu awahukumu. Ni njia njema, na imeokoa nyumba nyingi. Lakini inasimama juu ya ridhaa. Baba asiyetaka kulipa hakai barazani kwa hiari yake, na wazee hawana mkono wa kumfikia akiwa ng'ambo. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti baina ya mama wa Kiunga, anayeweza kumfikia kadhi wa Lamu, na dada yake wa Chula.

MAFUNZO KWA FAMILIA ZETU

Kwanza, mama asingoje. Siku baba anapokata matumizi, ndiyo siku ya kwenda kwa kadhi akatiwe kiwango. Kusubiri kwa kuona haya ni kupoteza haki ya mtoto.

Pili, ndoa, talaka na makubaliano ya matumizi yaandikwe na yashuhudiwe, na kila upande ubaki na nakala yake. Waliokimbia mwaka 1991 wanajua thamani ya karatasi moja.

Tatu, wazee wanaosuluhisha wasiishie kwenye kupatanisha tu. Wataje kiasi, tarehe na nani atakayekipokea.

Nne, akina baba tukumbuke kwamba talaka humwacha mke, haimwachi mtoto. Dola nne zimepita Kismayo, na hakuna hata moja iliyoubadilisha wajibu huo mbele ya Allah.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuongoze katika kutekeleza amana hii na awarejeshee ndugu zetu wa pwani ya Kismayo amani na uadilifu. Amin.

Wallahu A'alam.