Giulio Caccini na "Ave Maria" Isiyo Yake

Baadhi ya kwaya zetu hupenda kuimba, hasa katika Misa za ndoa, wimbo uitwao "Ave Maria ya Caccini". Wimbo ni mzuri, lakini Caccini hakuutunga.

Giulio Caccini alizaliwa Italia mwaka 1551. Akiwa mtoto aliimba katika kwaya ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma, na mwaka 1565 alipelekwa Firenze kuimba kwenye arusi ya Francesco de' Medici. Huko alijiunga na wasomi waliokutana nyumbani kwa Giovanni de' Bardi. Hao walilalamika kwamba sauti nyingi zikiimba pamoja, kila moja kwa njia yake, maneno humezwa. Mababa wa Mtaguso wa Trento nao walikuwa wamejadili shida hiyo hiyo kuhusu nyimbo za ibada.

Jibu la Caccini lilikuwa kumwacha mwimbaji mmoja, akisindikizwa na ala ya nyuzi kwa sauti chache za chini, ili wimbo ufuate mwendo wa usemi. Mwaka 1602 alichapa kitabu chake *Le nuove musiche*, yaani "Muziki Mpya". Katika dibaji yake ndefu anawaonya waimbaji wasipambe kila neno kwa madoido. Pambo litumike pale tu maana inapolidai. Onyo hilo tungependa walisome hata waimbaji wetu wa zaburi ya wimbo wa katikati.

Hakuwa mnyenyekevu. Opera ya Jacopo Peri, *Euridice*, ilipoimbwa Firenze tarehe 6 Oktoba 1600, Caccini alishikilia kwamba wanafunzi wake waimbe sehemu alizotunga yeye. Kisha akaharakisha kuchapa *Euridice* yake mwenyewe kabla ya ile ya Peri. Alifariki mwaka 1618. Binti yake Francesca naye alitunga opera.

Na ile "Ave Maria"? Ilirekodiwa Urusi mnamo 1970 na mpiga gitaa Vladimir Vavilov, aliyeitoa kama kazi ya mtunzi asiyejulikana. Alifariki mwaka 1973, na jina la Caccini likabandikwa baadaye. Wataalamu leo humtaja Vavilov mwenyewe kuwa mtunzi. Maneno yake yote ni hayo mawili tu, yakirudiwarudiwa. Sala ya Salamu Maria haimo. Viongozi wa kwaya wanaouweka katika vijitabu vya Misa waandike basi jina la Vavilov.