Bin, Binti na Jina la Tatu

Unguja, mtoto wa Kiislamu huadhiniwa sikioni mara anapozaliwa, na siku ya saba hunyolewa, huchinjiwa akika na kupewa jina. Jina hilo aghalabu lilitoka kwa babu au bibi, au lilifuata siku na mwezi wa kuzaliwa: Khamis na Mwanakhamis, Juma na Mwajuma, Rajab, Ramadhan. Yapo pia yale ambayo ukiyasikia tu unajua mwenyewe ni wa visiwani, kama Makame, Vuai, Faki na Mwanakombo.

Uzito wa kijamii, hata hivyo, ulikuwa katika kinachofuata jina. Mwungwana alikuwa bin au binti fulani, na wenye asili ya Omani waliongeza ukoo: Barwani, Mazrui, Riyami. Mwanamke akiolewa alibaki binti wa baba yake. Mtumwa hakuwa na nasaba ya kutaja. Jina la kwao lilipotea, akabandikwa lingine, mara nyingi la heri au la kitu cha thamani: Feruzi, Almasi, Mabruki, Faida, Zafarani. Uzuri wa majina hayo ulimfurahisha bwana, anayeitwa hakuulizwa.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed aliondoa hadhi ya utumwa kisheria, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Walioachwa huru na watoto wao walianza kujitafutia heshima mjini, na jina lilikuwa sehemu ya heshima hiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba karibu na 1880, akaitwa Mtumwa binti Saad. Alihamia mjini 1911, na sifa zake zilipovuma akapewa jina la Siti, linalomstahiki bibi mwenye hadhi. Santuri alizorekodi Bombay kuanzia 1928 zilimtangaza kwa jina hilo.

Baadaye shule na ofisi za serikali ziliwazoesha watu majina matatu bila bin: la mtu, la baba, la babu. Kwa kanuni hiyo jina la mwisho lingebadilika kila kizazi. Lakini familia nyingi zimelishikilia likawa la ukoo. Mtoto wa Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, ni Amani Abeid Karume, aliyeongoza visiwa hivyo kuanzia 2000 hadi 2010: Amani limerudi kwa mjukuu kama desturi inavyotaka, na Karume limebaki mahali pake.