Darubini ya Mzinga Ilipotelea Wapi?

Tarehe 6 Julai 1915, meli mbili za kivita za Uingereza, Severn na Mersey, ziliingia katika delta ya Rufiji na kuanza kufyatua makombora juu ya mikoko. Zilikuwa zikiipiga manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha mtoni umbali wa kilomita 10 hivi, na hakuna mpiga mzinga hata mmoja aliyeweza kuiona. Ndege ilizunguka angani ikitangaza kwa redio kila kombora lilikoangukia, na kule chini askari wakasogeza pembe za mizinga yao kidogo kidogo. Wajerumani nao walikuwa na mtu wao aliyekaa mtini kuwaelekeza wenzake. Siku hiyo Waingereza walirudi bila kuiangamiza. Walirejea tarehe 11. Ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilitunguliwa, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho huku chombo kikishuka majini. Königsberg ikaishia hapo.

Mizinga yake 10 iliopolewa, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu na kupigana nchi kavu hadi 1917. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Wageni hupiga picha na mitutu. Si vibaya, mtutu ni kitu cha kutazamwa. Lakini mtutu peke yake ni bomba la chuma. Kilichobadilisha vita vya mizinga katika karne ya 20 ni kifaa cha kushikwa mikononi, chenye vioo na namba, na kifaa hicho ndicho kinachotoweka kwanza mzinga unapostaafu.

Kwa muda mrefu kulenga kulikuwa kazi ya macho na kubahatisha. Mwaka 1537 Mwitalia Niccolò Tartaglia alichapisha huko Venice kitabu kilichoeleza kwadranti ya wapiga mizinga: mikono miwili ya mbao iliyoungana kwa pembe ya mraba, mmoja ukiingizwa mdomoni mwa mzinga, na timazi ikining'inia kuonyesha mtutu umeinuliwa kiasi gani. Ilitosha kupima mwinuko. Kushoto na kulia, mpigaji bado alilazimika kumwona adui, na anayemwona adui huonekana naye.

Gharama yake ilijulikana Colenso, Afrika Kusini, tarehe 15 Desemba 1899. Kanali Long wa jeshi la Uingereza aliipanga mizinga yake 12 mahali peupe mbele ya bunduki za Makaburu. Wapiga mizinga waliangushwa palepale, na mizinga 10 ikachukuliwa. Miongoni mwa waliokufa kwa kujaribu kuiokoa alikuwa mtoto wa kiume wa Lord Roberts, jemadari ambaye tutakutana naye tena. Warusi walikuwa wametangulia katika fikra: tangu 1882 ofisa wao Karl Guk aliandika namna ya kupiga kutoka nyuma ya kilima. Vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 vikathibitisha kwamba mzinga uliojificha ndio unaoishi.

Kilichokosekana ni kifaa kinachofaa, na kampuni ya C. P. Goerz ya Berlin ikakitoa. Ni darubini fupi iliyosimama wima. Mpigaji huweka jicho mahali pamoja bila kugeuka, huku kichwa cha darubini kikizunguka pande zote. Kwa kawaida picha ingepinduka kadiri kichwa kinavyozunguka, kwa hiyo ndani mna prizimu inayogeuka kwa nusu ya mwendo wa kichwa ili picha ibaki wima wakati wote. Mimi huihesabu miongoni mwa hila safi kabisa zilizowahi kufungiwa ndani ya kopo la shaba.

Matumizi yake ni hivi. Askari huchagua alama yoyote anayoiona, iwe mnara wa kanisa, mti au fito zilizochomekwa nyuma ya mzinga. Ofisa anayemwona adui kutoka mbali humtajia pembe. Askari huizungusha darubini kwa pembe hiyo, kisha huusukuma mzinga mzima mpaka msalaba wa ndani ya kioo uangukie tena kwenye alama ile ile. Mtutu sasa unamwelekea adui asiyeonekana. Majeshi mengi yaliugawa mduara katika sehemu 6,400, kwa sababu sehemu moja hukaribia mita moja kwa umbali wa kilomita moja, na hesabu hufanyika kichwani. Warusi waliridhika na 6,000. Mwinuko hupimwa kwa pimamaji, ileile ya fundi mwashi, ila hii imechongwa kwa usahihi mkali zaidi.

Uingereza iliutwaa muundo huo wa Goerz kabla ya 1914 na kuuita Namba 7. Vita vilipoanza, aibu ikajitokeza: kioo cha lenzi kilitoka zaidi Ujerumani, na ndani ya Uingereza ni Chance Brothers wa karibu na Birmingham tu waliokitengeneza kwa kiasi cha maana, takriban sehemu moja ya kumi ya mahitaji. Lord Roberts, sasa mzee, akawaomba raia waazimishe jeshi darubini zao za kutazamia mashindano ya farasi na ndege wa porini. Zikaja kwa maelfu.

Thamani ya kioo hicho ndiyo iliyoitenga darubini na mzinga wake. Haikuachwa ikining'inia juu ya chuma; baada ya kazi ilivuliwa na kurudishwa katika mfuko wake wa ngozi. Na pale mzinga ulipolazimika kuachwa, amri ilikuwa kuondoka na darubini na komeo la mtutu, au kuvivunja. Le Cateau, Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1914, Waingereza walipoteza mizinga 38, na baadhi ya wapiga mizinga walivunja vifaa vya kulengea kabla ya kurudi nyuma.

Amani nayo ilikuwa na uharibifu wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili maghala yalimwagwa sokoni, na walionunua walitaka lenzi zaidi kuliko historia. Huko New Jersey, Norman Edmund alianzisha mwaka 1942 biashara ya lenzi zenye kasoro, kisha akauza kwa wingi mabaki ya jeshi. Watazama nyota wa Marekani walijitengenezea darubini kwa vioo vilivyong'olewa humo. Walifanya jambo jema, na darubini nyingi za mizinga zikabaki makopo matupu.

Ndiyo maana mkusanyaji wa leo ni msaka vipuri. Ana mwili wa Namba 7 bila kichwa, anatafuta kichwa. Amepata kichwa; hana kishikio. Kishikio chenyewe hakifai mzinga wowote tu, maana namba za umbali huchongwa kwa ajili ya mzinga mmoja na baruti yake. Kioo kidogo cha pimamaji, kipira cha jicho, skrubu ya kipimo cha zamani kisichouzwa tena: vitu hivi humfanya mtu mzima aandikiane barua na wageni wa bara jingine kwa miaka. Wenye kuijua kazi hawaanzi na mng'ao wa shaba. Huzungusha gurudumu mbele, kisha nyuma, wakisikiliza kama meno yamelegea. Huchungulia kuona ukungu na gundi iliyoachia kati ya lenzi. Huisoma mihuri: mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza; herufi blc kwenye kifaa cha Kijerumani cha Vita Kuu ya Pili ni Zeiss wa Jena, cxn ni Emil Busch wa Rathenow. Aliyesugua mihuri hiyo kwa msasa ili kifaa kipendeze amefuta cheti cha kuzaliwa.

Kizazi cha Goerz hakijafa. Mitambo ya roketi ya BM-21, ambayo watu wa Vita vya Kagera waliijua kwa jina la Saba Saba, hulengwa kwa darubini ya Kirusi PG-1, mjukuu halali wa ile ya Berlin.

Kwetu, hatari kubwa ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Askari wa King's African Rifles walipita katika vita vyote viwili, na shaba yenye namba huenda imelala katika sanduku la babu. Ukiikuta, usiipige msasa wala usiifungue. Kama namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani, hasa za miaka ya vita vya pili, yaelekea ni rediamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu tu kila baada ya miaka 1,600 hivi: usiikwangue, usivute vumbi lake, iweke mbali na watoto. Nakili mihuri yote, piga picha, kisha iulizie makumbusho iliyo karibu nawe kabla hujaulizia bei ya kilo.