Mzunguko, Kitanzi na Safu: Historia ya Maneno Matatu ya Programu za Michoro

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya kiongozi cha mafundi, kilichofasiriwa kwa Kiswahili, kinachofundisha kuandika programu za kompyuta kwa kuchora badala ya kuandika maneno. Tuliombwa tuzipitie istilahi zake na kuzikubali. Hatukuweza. Neno "kitanzi" lilijitokeza karibu katika kila ukurasa. "Safu" ilitumika kwa vitu vitatu tofauti. Na mahali fulani mwanafunzi aliagizwa aweke thamani yake katika "daftari la zamu", jambo lililotufanya tudhani kwamba kurasa za kiwanda zimechanganyika na kurasa za kompyuta. Mfasiri hakuwa mvivu. Alilitazama neno la Kiingereza akalifungulia kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta. Kabla ya kumsahihisha tuliona yafaa tujiulize maneno hayo yalitoka wapi, kwa sababu neno la ufundi mara nyingi huwa ni picha ya chombo ambacho hakipo tena.

Jambo la kurudiarudia kazi ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe. Mwaka 1842 mhandisi wa Kiitalia, Luigi Menabrea, alichapisha mjini Geneva makala kwa Kifaransa kuhusu mashine ya hesabu iliyobuniwa na Mwingereza Charles Babbage. Mwaka uliofuata makala hayo yalitoka kwa Kiingereza, yamefasiriwa na Ada Lovelace, bibi wa miaka 27. Wafasiri wenzetu na walikumbuke jambo hili: bibi huyo alitia maelezo yake mwenyewe yaliyokuwa marefu kama mara tatu ya makala aliyoyafasiri, na leo watu husoma maelezo, si makala. Katika maelezo hayo alionyesha jinsi mashine ingeweza kukokotoa namba zinazoitwa za Bernoulli, na kwamba fungu moja la amri lingeweza kutumika tena na tena, pasipo kuandikwa upya kila mara. Fungu hilo alilipa jina lenye maana ya mzunguko, kama mzunguko wa majira ya mwaka. Mashine ya Babbage haikukamilika kujengwa, lakini dhana ilikwisha pata jina.

Kitanzi kilikuja miaka mia moja baadaye, nacho kilikuwa kitanzi hasa, cha kushikwa kwa mkono. Mashine kubwa ya Harvard, iliyobuniwa na Howard Aiken na kujengwa na kampuni ya IBM, ilianza kazi mwaka 1944. Amri zake zilitobolewa katika utepe mrefu wa karatasi, na mashine ilisoma utepe huo mstari kwa mstari. Haikuwa na njia ya kurudi nyuma. Basi fundi aliyetaka kazi irudiwe alichukua ncha ya mwisho ya utepe akaigundisha na ncha ya mwanzo, utepe ukawa duara na kuzunguka kama ukanda wa cherehani. Hapo jina la kitanzi ni sahihi kabisa, maana jicho laliona.

Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann walitoa maandishi juu ya kupanga kazi za kompyuta, na humo walichora hatua za kazi kwa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Palipohitajika kurudia, mshale ulitoka chini ukapinda ukarudi juu. Utepe wa karatasi ulitoweka, umbo lake likabaki katika mchoro. Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwa michoro ya namna hiyo, na hata walimu wetu wa leo, wakitaka kueleza jambo hili ubaoni, huchora mshale unaorudi.

Lugha ya FORTRAN, iliyotengenezwa na John Backus na wenzake wa IBM na kutolewa mwaka 1957, ndiyo iliyoyaunganisha mambo haya mawili tunayoyashughulikia: kurudia kazi, na kupanga namba nyingi chini ya jina moja. Badala ya kuzipa namba mia moja majina mia moja, mwandishi wa programu alizipa jina moja na kuzitofautisha kwa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpango huo katika FORTRAN ya awali uliweza kuwa na pande moja, mbili au tatu. Neno la Kiingereza lililochaguliwa kwa mpango huo hutumika pia kwa askari waliopangwa tayari kwa vita. Kiswahili hakina haja ya kuona wivu hapa. Safu ya askari, safu ya milima na safu ya washambuliaji uwanjani ni maneno yetu ya kila siku, nayo yote yana sifa ile ile inayotakiwa: vitu vya jamii moja, vimepangwa, kila kimoja na nafasi yake.

Sasa twafika kwenye programu za michoro. Mwaka 1966 William Robert Sutherland, ndugu yake Ivan Sutherland aliyekuwa amekwisha fahamika kwa kazi yake ya kuchora kwa kompyuta, aliandika tasnifu katika chuo cha MIT nchini Marekani. Humo alionyesha kwamba mtu angeweza kuchora programu kwenye kioo cha kompyuta, na mchoro ule ule ukatenda kazi. Mistari ya mchoro haikuonyesha tena "baada ya hapa nenda kule". Ilionyesha njia inayopitwa na data, kama maji katika mifereji ya shamba. Kazi yoyote huanza mara data zake zote zinapoifikia.

Fikra hii ni nzuri mno kwa hesabu zinazokwenda mbele. Kwa hesabu zinazorudi, inaleta taabu. Mfereji ukirudisha maji mahali yalipotoka, mtazamaji hajui yanazunguka mara ngapi wala yatatoka lini, na mistari ikizidi hugeuka utando wa buibui. Wakati huo huo waandishi wa programu za maneno walikuwa na ugomvi wao unaofanana na huu. Mwaka 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika barua mashuhuri ya kulaumu amri ya "nenda", ile inayomrusha msomaji wa programu kutoka mstari hadi mstari bila mpaka. Aliyefumbua fumbo upande wa michoro ni Jeff Kodosky, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas. Yeye na wenzake walianza kazi hiyo mwaka 1983, na lugha yao, LabVIEW, ilitolewa mwaka 1986 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, ili wahandisi na wanasayansi waweze kuongoza vyombo vya kupimia. Ufumbuzi wake ulikuwa rahisi, kama ulivyo kila ufumbuzi mtu akisha kuupata: aliuondoa mshale unaorudi, akachora sanduku. Kila kilichomo ndani ya sanduku hurudiwa. Kilicho nje hungoja.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu. Katika lugha hii kitanzi hakipo. Mwanafunzi anayeambiwa "chora kitanzi" huanza kutafuta waya wa kupinda, na akiupinda programu hukataa kufanya kazi, kwa kuwa waya haziruhusiwi kujirudia hivyo. Rasimu ile, kwa kufuata jina la utepe wa mwaka 1944, ilimpeleka mwanafunzi kwenye kosa lile lile ambalo sanduku lilibuniwa kulizuia.

Masanduku hayo ni ya namna mbili. La kwanza hurudia kwa hesabu: huambiwa mapema idadi ya mara, na ikiwa idadi ni sifuri halifanyi kitu. La pili hurudia kwa sharti: hufanya kazi, kisha hutazama sharti lake na kuamua kuendelea au kusimama, hivyo kazi hufanyika angalau mara moja. Mchezaji wa bao ameijua tofauti hii tangu utoto. Ubao una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kila mchezaji ana safu zake mbili. Huchota kete, akazigawa moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchota tena na kuendelea, na ikiangukia shimo tupu, amelala. Kugawa kete tano mkononi ni kurudia kwa hesabu. Kuendelea mpaka kulala ni kurudia kwa sharti, na hakuna anayelala kabla hajacheza. Twadhani mwalimu mwenye ubao wa bao darasani ana kifaa kizuri kuliko kurasa kumi za rasimu ile.

Jina la sanduku la pili kwa Kiingereza lina maana ya "maadamu", lakini sharti lake laweza kuwekwa kwa njia mbili: lisimame jambo linapokuwa kweli, au liendelee maadamu jambo ni kweli. Mfasiri akilitia "maadamu" katika jina lenyewe, atajikuta akiandika kwamba sanduku la maadamu limewekwa mpaka. Ndiyo sababu twapendelea "mzunguko wa sharti" na "mzunguko wa hesabu".

Kuhusu safu na mzunguko kukutana, LabVIEW ina utaratibu mzuri. Waya unaobeba safu huwa mnene. Ukiingia katika sanduku la hesabu, ndani huwa mwembamba, kwa kuwa kila mzunguko hupokea kiungo kimoja tu cha safu. Sanduku halihitaji hata kuambiwa idadi: hurudia mara nyingi kadiri ya urefu wa safu, na zikiingia safu mbili zenye urefu tofauti, hufuata iliyo fupi. Matokeo yakitoka upande wa pili hujipanga tena kuwa safu.

Mwalimu ajihadhari na jambo moja: nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri. Kiungo cha kwanza kina faharasa 0, na safu ya viungo kumi huishia 9. Sisi tuliozoea kuongeza au kupunguza saa sita tunapofasiri ratiba za wageni hatupaswi kushtushwa na hesabu ya namna hii. Lakini katika maandishi, "kiungo cha 1" na "kiungo chenye faharasa 1" yasichanganywe hata kidogo. Rasimu ilichanganya mara nne. Aidha, kwa kuwa "safu wima" na "safu mlalo" zimekwisha shika nafasi katika majedwali, twashauri kwamba mpango wenye pande mbili uitwe "safu ya pande mbili", na mistari yake iitwe kwa majina hayo ya majedwali, bila kukata neno.

Limebaki lile daftari la zamu. Neno la Kiingereza la kusogeza ndilo hilo hilo la zamu ya wafanyakazi, na neno la daftari ndilo la sehemu ndogo ya kompyuta inayoshika namba kwa muda. Kitu chenyewe ni vitundu viwili katika kuta za sanduku, kimoja kulia na kimoja kushoto. Thamani inayofika kulia mwisho wa mzunguko hutokea kushoto mwanzoni mwa mzunguko unaofuata. Kwa njia hii jumla huongezeka hatua kwa hatua pasipo waya kurudi nyuma. Mmoja wetu alikumbuka mbio za kupokezana vijiti, akapendekeza "kipokezano". Wengine walitaka "kisogezi", kwa hoja kwamba kipokezano chafanana mno na kipokezi cha redio. Tulijaribu maneno yote mawili katika sentensi moja ngumu ya kiongozi hicho, isemayo kwamba kitundu cha kushoto kisipopewa thamani ya mwanzo, hushika ile iliyoachwa na safari iliyopita, maadamu programu ingali katika kumbukumbu ya kompyuta. Kwa "kisogezi" sentensi haikueleweka. Kwa "kipokezano" msikilizaji aliuliza mara moja: basi mkimbiaji wa kwanza alipewa kijiti na nani? Tumeliandika "kipokezano" katika orodha inayopelekwa kwenye kikao kijacho, na rasimu imerudishwa kwa mfasiri wake pamoja na maelezo haya.