Msokoto wa maharage
Msokoto wa maharage ni mwelekeo ambao shina la maharage yatambaayo hujizungusha kwenye mti wa kuegemea. Likitazamwa kutoka juu, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Fiwi na kunde zinazokwea ua wa Kipawa, Dar es Salaam, hufuata njia hiyohiyo, sawa na maharage ya Ulaya.

Ikweta haihusiki, ingawa dhana kwamba msokoto hugeuka ukivuka ikweta haifi: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta takriban asilimia 92 ya mimea inayojisokota, kusini na kaskazini, ikizunguka hivyo.

Charles Darwin alipima ncha ya harage: mzunguko mmoja kwa karibu saa 2.

Mche ukizungushwa kinyume kwa mkono, ncha yake hukua ikirudia upande wake. Wabishi ni viazi vikuu, ambavyo spishi zake zimegawanyika pande zote mbili.